Tepu Shingoni

Jumapili, tarehe 3

Wifi yangu,

Basi lenu limeondoka, vumbi lake nimelimeza, na mimi nimerudishwa kitandani kama mkunga alivyoamuru. Nimelala chali, miguu juu ya mito, tumbo limesimama kama nimeficha sufuria chini ya shuka. Mkunga ananitazama kwa jicho la askari. Amesema nikiinuka tena kabla mimba haijakomaa nisije nikamlilia. Kuwasindikiza kituoni tu nimegombezwa mpaka nikaona haya. Basi huko hospitalini wewe ndiye mama, na huku mimi ni mzigo. Kaka yako bado yuko njiani na lori lake, hajui lolote.

Simu ya posta imekufa tangu mvua zile, na ya wodini nasikia ni ya madaktari peke yao. Dereva wa basi la asubuhi, yule aliyekuwa mpangaji wetu, amekubali kutubebea barua. Niandikie kila kitu. Nakujua wewe, matroni wa bweni, umezoea kuwaambia wazazi kwamba mtoto hajambo huku yuko kwenye dripu. Mimi usinifanyie hivyo, tafadhali.

Mguu wa kushoto wa mwanangu usiguswe nyuma ya goti. Uvimbe mkubwa uko pale, na midogo inateremka mpaka kifundoni. Shuka nzito haitaki. Akitembea, mpe bega, maana ule wayo umeshaanza kuburuta. Hana tabia ya kulalamika, si bure wateja wangu wamempa jina la Sanamu. Tangu akiwa mdogo anasimama juu ya stuli nikimpimia magauni ya watoto wa watu, na wale wateja hawaamini kama ni mtoto anayepumua. Huo ugonjwa wenyewe si yeye aliyeniambia. Niliujua kwa pindo. Gauni la shule lilikuwa halikai sawa, upande mmoja juu, mwingine chini, nikafumua nikashona upya nikiulaumu mkasi, kumbe kilichopinda ni mguu.

Gauni la safari lina pini pindoni, honi ilipigwa sijamaliza. Lishone wewe, hata ovyo.

Kitu kimoja kimenikaa moyoni. Alipokaa dirishani alikuwa ananitazama shingoni, si usoni. Nilimpungia mkono, hakunipungia. Nadhani amenikasirikia kwa kumwacha.

Wifi yako,
Fundi


Jumatano, tarehe 6

Fundi,

Tumefika, mtoto hajambo, mimi ndiye niliyekatika kiuno. Wodi ni ndefu, vitanda vimepangana kama bwenini kwangu, na nimeshawanyoosha wenzangu. Mama wa kitanda cha dirishani hafungulii tena redio watoto wakilala. Nesi mkuu ananiita Matroni na mimi namwita Matroni, tunaheshimiana kama majogoo wawili uani.

Pini nimezitoa na pindo nimelishona. Likirudi nyumbani usiliangalie.

Jana daktari wa upasuaji amempima. Ni mtu mrefu, mpole, akifikiri anapiga mluzi usio na sauti, midomo tu. Wifi, ungemwona mwanao! Watoto wengine wakiona koti jeupe wodi nzima inajua. Huyu wetu alilala, macho kayafumba, hakutoa chozi wala neno. Nilimsifu mbele ya watu. Nilimwambia shangazi anajivunia damu yake.

Jambo kubwa ni kwamba uvimbe wenyewe si saratani, wameukata kipande wakautazama. Unaota kwenye mishipa ya fahamu, ile inayopeleka maumivu na nguvu mguuni, na ndiyo maana ana yale madoa ya kahawia mgongoni ambayo mama alikuwa akisema ni alama ya uzuri. Sasa watautoa wote, kwisha maneno. Wewe lala, ulee tumbo.

Wifi yako,
Matroni


Jumamosi, tarehe 9

Wifi,

“Wote, kwisha maneno.” Hayo ni maneno ya mtu anayefunga mlango huku ameuegemea kwa mgongo. Mimi nimeshona miaka mingi. Kitu kilichoshikana na kitambaa ukikitoa chote, kitambaa nacho hubaki na tundu. Huo mshipa wenyewe utabaki vipi? Atatembea? Ulimuuliza daktari, au mlipigana kiheshima tu kama na huyo nesi wako?

Huyu wa tumboni anapiga teke kila nikisoma barua yako. Nadhani naye hakuamini.

Halafu kuna jambo jingine. Umeniandikia redio ya watu, nesi, kiuno chako, mluzi wa daktari. Katika barua nzima hakuna neno hata moja alilolisema mwanangu. Huyo mtoto akishuka kwenye stuli huongea mpaka maji ya chai yanakauka jikoni, anajua kila mteja wangu na mdeni wa nani. Anaongea huko? Anasema nini?

Nakuomba, wifi. Niambie kama ningekuwa nimekaa hapo kando yako.

Fundi


Jumapili, tarehe 10

Fundi,

Haya, umenibana. Sikutaka ujue ukiwa umelala chali, nilitaka kwanza yaishe. Najua utanichukia. Nichukie, lakini kaa kitandani.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Ule uvimbe si donge moja. Ni mingi, imepangana kama shanga, na uzi uliopita katikati ya shanga ndio mshipa wenyewe. Kama mshipa ungekuwa hai, angeupasua ganda lake na kuchokoa shanga mojamoja, kazi ya kutwa nzima na isiyo na uhakika. Lakini anasema mshipa umeshakufa. Kwa hiyo hana cha kuokoa. Atakata kipande chote, shanga na uzi wake, usije ukapanda pajani. Kuanzia hapo wayo utaning'inia maisha yake yote. Atavaa chuma na ngozi ya kuushikilia mpaka uzeeni. Akikanyaga kaa la moto hatajua. Ni Jumanne asubuhi, na mimi nimetia sahihi kwa niaba yenu.

Utauliza alijuaje kwamba umekufa. Ni kwa pini. Alimfumbisha macho, akamwambia, “Nikikuchoma, ukisikia, sema.” Akaanza vidoleni, akaja unyayoni, ubavuni, akapanda mpaka karibu na goti. Kimya. Akarudia. Kimya. Hata kope haikucheza. Mimi mjinga nikawa nasimama pale nimevimba kichwa kwa fahari, nikidhani ni ushujaa, kumbe ni ganzi. Baadaye niliingia chooni nikalia, na hilo usimwambie mtu.

Kitu kimoja kilimsumbua daktari. Alipitisha kidole unyayoni akakuta jasho. Akasema mguu uliokufa fahamu kwa kawaida huwa mkavu. Akapiga mluzi wake, akamtazama mtoto, akamuuliza tena kwa upole kama kweli hasikii. Mtoto akanyamaza. Daktari akasema basi, hawezi kumsemea.

Na kuongea, wifi, haongei. Tangu tumefika ni “ndiyo, shangazi” na “hapana, shangazi”. Anakaa amenyooka, mikono ubavuni. Usiku shuka nzito ilimwangukia mguuni, hakuitoa, nikaikuta asubuhi. Nilidhani ni adabu. Mabweni yangu yote yangekuwa na adabu hiyo ningekuwa nimeshastaafu kwa raha.

Samehe.

Matroni


Jumatatu, tarehe 11, alfajiri

Wifi wasikate. Nakwambia wasikate. Mguu haujafa.

Si ganzi, ni mimi. Ni kazi yangu mimi. Nikimpandisha kwenye stuli nina sharti moja. Nikiwa na tepu ya kupimia shingoni, yeye ni sanamu. Pini ikimchoma asitikisike, asiseme, maana akiruka mstari unaharibika na kitambaa si chetu. Nikimaliza naivua tepu shingoni mwangu, namvalisha yeye, namwambia, “Haya, sema panapouma.” Hapo ndipo anafunguka. Hapa, na hapa, na hapa, ananionyesha hata mahali pini haikufika ili nimpulize. Huo ndio mchezo wetu tangu hajajua kuhesabu. Bila tepu shingoni mwake haongei, hata nimfanyie nini. Nilikuwa naona raha. Nilikuwa najisifu kwa wateja, jamani!

Pale kituoni nilikuwa nimepiga magoti nambana pindo kwa pini, tepu shingoni. Honi ikalia. Nikambeba nikampandisha, basi likaondoka. Tepu nikabaki nayo. Wifi, alikuwa anaitazama tepu. Kwake yeye mimi bado sijamaliza kumpima. Amesimama kwenye stuli tangu Jumapili ile, na watu wanamchoma pini, na wewe unamsifu, na mimi sipo.

Nimeizungushia tepu barua hii. Usimweleze mengi, mvalishe tu shingoni, umwambie yale maneno. Kisha umwite daktari arudie. Kama atachomwa na asisikie kweli, basi nitapiga magoti nikubali. Lakini asikatwe akiwa amenyamaza kwa ajili yangu.

Mkunga amelala. Basi linapita barabara kuu jua likichomoza, na sina wa kumtuma ninayemwamini kwa hili. Mungu anisamehe.

Mama yake


Jumanne, tarehe 12, kwenye benchi

Fundi,

Naandika nje ya chumba cha upasuaji, karatasi nimeiweka juu ya paja, usijali mwandiko. Basi linarudi mchana na dereva amesema atanisubiri.

Yeye ndiye amenieleza. Amesema ulisimama katikati ya barabara, peku, umeshika tumbo kwa mkono mmoja na barua kwa mwingine, na alidhani ni mtu anayetaka kujiua. Sitakugombeza. Wa kukugombeza ni mkunga na ana haki yake yote.

Jana usiku basi liliharibika njiani, barua imenifikia leo asubuhi mtoto akiwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa kofia ya kitambaa. Wifi, mimi sijawahi kukimbia tangu niote kitambi. Leo nimekimbia. Nimesoma mistari mitatu tu nikaelewa, nikaushika ukingo wa kitanda, nikawaambia wale wasukumaji wakitaka kwenda waende na mimi nikiwa juu. Yule nesi mkuu alinijia mbio, akaniona uso, akasimama.

Nilimvalisha tepu. Ilinasa kwenye kofia, nikaivuta. Aliitazama ile tepu, akaishika na vidole, akaangalia mlangoni. Akaniuliza, “Mama amemaliza?” Nikamwambia amemaliza, mwanangu. Sema panapouma.

Wifi, alifunguka. Wodi nzima ilisikia, na ile ya jirani. Hapa nyuma ya goti, pale daktari alipobonyeza. Hapa kwenye kidole gumba, ile pini ya kwanza. Hapa pembeni ya unyayo, mara mbili. Hapa penye sindano ya mkononi. Shuka nzito. Benchi la basi. Alikuwa amezihifadhi zote, zamu kwa zamu, na anazionyesha kwa kidole huku kamasi zinamtoka. Pini ambazo mimi nilisimama pale nikazipigia makofi.

Daktari alikuja akiwa ameshavaa mavazi yake ya kijani. Hakukasirika. Nilimsomea barua yako. Alisema lile jasho lilimnyima usingizi. Akamfumbisha macho, akarudia yote tangu vidoleni. Kuna sehemu kweli hasikii, wifi, sitakudanganya tena. Juu ya wayo hakuna kitu. Lakini unyayoni na pembeni anasikia, na alipoambiwa ainue vidole, kimoja kilitikisika. Daktari akamwekea alama za kalamu ngozini, kila mahali aliposema “hapa”.

Hatakata kipande chote. Atachokoa shanga mojamoja. Ameniambia wazi kwamba nyingine zimeng'ang'ania na ataziacha, kwamba zinaweza kuota tena, na kwamba mkono ukimteleza hata kidogo mshipa utakufa mikononi mwake, tutakuwa tumerudi palepale, au pabaya zaidi. Kaniuliza kama bado nakubali. Nikakutafuta wewe kila upande wa chumba. Nikasema ndiyo.

Tepu hawakuruhusu iingie ndani. Ninayo mimi shingoni. Watu wanadhani ni fundi.

Matroni


Jumatano, tarehe 13

Wifi,

Barua ya benchi imefika jioni. Naisoma naikunja, naikunjua naisoma. Nasema heri ungenyamaza kuhusu zile pini, kisha naona hapana, nashukuru hukunyamaza.

Sasa zamu yangu kusema. Mtoto amezaliwa Jumatatu ileile, mchana, nimerudi kutoka barabarani sijakaa hata sawa. Wa kike. Mdogo mno, analala kwenye kikapu changu cha vitambaa, mkunga amemfunga pamba mpaka pua tu inaonekana. Ananyonya kidogo, analala, ananyonya. Mkunga haongei nami ila kuniamrisha, lakini haondoki hapa. Nilipomwomba msamaha alisema nimwombe mtoto.

Naogopa, wifi. Nikimtazama huyu naona nimemtoa kabla ya wakati kwa ajili ya mwenzake, na nikimfikiria mwenzake naona nilimfundisha kunyamaza mpaka karibu wamkate. Sijui hawa wawili wamenikosea nini. Cherehani imefunikwa. Sitaki kuiona.

Ameamka? Daktari amesema nini? Kama mshipa umekufa, niandikie umekufa, kwa neno hilohilo. Na mtu yeyote asimwite tena Sanamu. Ana jina alilopewa na bibi yake, na ni zuri.

Tepu uje nayo mkirudi, sina nyingine. Wala si haraka.

Fundi


Jumanne, tarehe 19

Fundi,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu daktari alisema tusipime mpaka mguu upoe, na mimi sikutaka kukuandikia tena barua ya “hajambo”. Zile siku nimezipita kwa shida. Aliamka, akalia, akalala, akaomba maji. Mguu umefungwa mpaka pajani. Shanga kubwa ya nyuma ya goti imetoka, na nyingi za chini. Mbili daktari ameziacha, zilikuwa zimeshikana na mshipa kama gundi. Alipotoka siku ile alikuwa na mgongo wa mzee, akakaa benchini kando yangu, akasema amefanya aliloweza na kwamba jibu analo mtoto.

Leo asubuhi wamefungua bandeji. Wenzangu wote wa wodi walijidai wanatandika vitanda. Nikavua tepu shingoni mwangu, nikamvalisha, nikamwambia yale maneno, nikamshika mkono. Akafumba macho.

Kidole gumba, kimya. Daktari akasubiri. Juu ya wayo, kimya. Katikati ya unyayo, kimya. Wifi, nilimwangalia usoni nikitafuta kama ni ule unyamavu wako au ni unyamavu wa kweli, na sikujua. Nikasema moyoni, tumeuua. Daktari akaanza kuirudisha pini kwenye sahani, mluzi wenyewe hakupiga. Kisha akabadili nia, akagusa pembeni ya unyayo, chini kidogo ya kile kidole cha mwisho, pale penye alama ya kalamu ambayo hatukuifuta.

“Hapa,” alisema. “Hapa panauma.”

Daktari akamwambia afumbe macho vizuri, akachoma hewa, mtoto akanyamaza. Akagusa palepale. “Hapa, nimeshakwambia.” Na kile kidole cha mwisho kikajikunja kidogo, kikikimbia pini. Yule mama wa redio akapiga vigelegele, nikamwacha.

Ni mahali pamoja tu. Nakwambia kama ulivyoniomba. Wayo bado unaning'inia, kile chuma na ngozi atavaa, pengine kwa mwaka, pengine zaidi. Daktari anasema mshipa uliochokolewa huamka polepole, na mwingine hauamki. Lakini haujafa. Ametumia neno hilohilo.

Kisha mtoto wako akaanza. Amesema uji wa hapa una madonge. Amesema nakoroma. Amesema yule nesi mkuu ana mikono ya baridi, na mwenyewe akiwa anasikia. Nilipompa habari ya mdogo wake alitaka kujua kama naye ana madoa mgongoni, umwangalie. Na amesema pia ulimwacha ndani ya basi na pini, na kwamba hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote. Nilitaka kulimeza hilo, nikaona nikuletee.

Hakunyamaza kutwa nzima. Sasa hivi naandika ananisemea sikioni nisisahau kitu. Tepu sikuletei, wifi. Nilijaribu kuivua ili nimwoshe shingo, akaishika kwa mikono miwili. Anasema hajamaliza.

Matroni